Randa ya mtumba ya Gerezani: miezi saba baadaye

Nianze na hesabu, maana ndiyo kazi inayonilisha. Randa mpya (kifaa cha kulainishia mbao kwa kisu) niliyoinunua mwaka jana ilikuwa shilingi 38,000. Randa ya mtumba niliyoichukua mitaa ya Gerezani, hapa Dar, miezi saba iliyopita ilikuwa 45,000, baada ya kuvutana kutoka 70,000. Msasa, siki, kipande cha kioo na kinoo cha kuifufua, 21,500. Jumla 66,500. Ile mpya sasa hivi inazuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo, na kazi hiyo inaiweza. Hii ya mtumba ndiyo nataka kuizungumzia, kwa sababu kila nikitaja bei yake watu wananitazama kama nimerogwa.

Mimi ni mhasibu, nakaa Kimara Baruti. Jumamosi mchana ukipita kwangu utanikuta kibaraza cha nyuma, maranda mpaka kwenye nywele. Sijasoma chuo cha ufundi cha VETA, wala kwetu hakuna seremala. Ufundi niliuanza kwa hasira. Fundi wa tatu alikuwa ameshakula advansi ya rafu za jikoni, kila nikimpigia ni "kesho asubuhi, dada", na hiyo kesho ikaota ndevu. Nikanunua msumeno, nyundo, futi kamba na randa, nikasema liwalo na liwe. Rafu zile zipo mpaka leo. Zimeegemea kushoto kidogo, lakini hazijaangusha hata sufuria moja.

Kwanza niimalize hiyo randa mpya, isije ikaonekana naionea. Niliichukua kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambalo jina lake nalihifadhi. Boksi zuri, rangi inang'aa, kishikio cha plastiki cheusi. Kisu chake kilikuwa laini: nikinoa, dakika kumi za kuranda paini, makali yameshajikunja, ukipitisha kucha unasikia ukingo umelala upande mmoja. Nikavumilia. Kisha siku moja nikaigeuza, nikasimamisha rula ya chuma kwenye kitako chake (ule uso wa chini unaoteleza juu ya mbao), nikaielekeza dirishani. Mwanga ulikuwa unapita katikati kama chini ya mlango wa gesti. Kitako kimebonyea. Randa ya namna hiyo inagusa mbao kwa pua na kisigino, kisu kinaelea hewani. Unakiteremsha zaidi ili kifike, na ukifika ukingoni mwa mbao, pua ikitoka nje, kisu kinazama na kunyofoa. Ndiyo maana rafu zangu zote zilikuwa zimeliwa mwishoni na mimi nilidhani ni mkono wangu. Nikairudisha. Kijana wa kaunta hakubishana, alinigeuzia risiti tu nikasoma mwenyewe: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Basi nikapanda mwendokasi mpaka Gerezani. Anayepajua anajua: ni mitaa ya vyuma, spea, mabomba, mashine za kuchomelea, watu wanakatisha na pau za chuma begani wakipiga kelele "nyuma, nyuma". Kibanda ninachokisema hakina bango, kwa hiyo hata ningetaka kukitangaza nisingeweza. Kinauza vifaa vya mkono vilivyotumika: misumeno, patasi, kekee za kuzungusha kwa mkono, jiriwa zenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza.

"Karibu mama. Fundi kakutuma nini?" akaniuliza kijana wa kibandani.

"Hajanituma mtu. Nataka randa ya chuma."

"Ya umeme ninayo, mama. Nyepesi, fundi ataipenda."

"Ya mkono."

Akaniangalia viatu. Nilikuwa nimetoka kazini. "Fundi wako bado anatumia ya mkono?"

"Mwanangu, fundi ni mimi."

Ndani kulikuwa na mzee ameketi juu ya kreti la soda, ananoa meno ya msumeno kwa tupa. Akacheka bila kuinua kichwa. Nikamwamkia, shikamoo mzee. "Marahaba, mwanangu. Wewe, mtolee lile boksi la chini. Na wewe mama, angalia mdomo kwanza, usiangalie rangi."

Ushauri huo peke yake ulikuwa na thamani ya nauli. Mdomo ni ule mwanya ambao kisu kinatokea chini. Mwili wa randa hizi ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, ambacho kikianguka sakafuni hakipindi, kinapasuka, na mara nyingi ufa unaanzia kwenye pembe za mdomo kwa kuwa hapo ndipo pembamba. Katika boksi lile kulikuwa na randa saba. Mbili zilikuwa na nyufa, moja ya hizo ilikuwa imeunganishwa kwa shaba na kupakwa rangi juu, ungeinunua ukiimba. Moja haikuwa na kisu kabisa. Moja kisu kilikuwa kimenolewa mpaka kimebaki kipande kama cha kucha, umri umekwisha. Nyingine gurudumu la kurekebishia halizunguki. Zikabaki mbili, na kati ya hizo moja kitako chake kilikuwa karibu kinyooke kwa rula.

Ilikuwa Record No. 04. Kutu imeitapakaa, lakini rangi ya bluu ilikuwa inachungulia, na kwenye kibano kinachokandamiza kisu jina linasomeka. Randa hizi zilitengenezwa Sheffield, Uingereza, na kampuni ya C. & J. Hampton, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930. Muundo wenyewe ni wa zamani zaidi, wa Mmarekani Leonard Bailey, ambaye hati zake za ubunifu zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Ndiyo maana ukishika namba 4 ya Stanley na 04 ya Record ni kama mapacha. Kisu kina upana wa inchi 2, kimelala kwa digrii 45, na mwili una urefu wa kama sentimita 24 na nusu. Hiyo ndiyo saizi ya kumalizia kazi, na kwa mtu mwenye randa moja tu nyumbani ndiyo saizi ya kuanzia.

"Sabini, mama. Hiyo ni ya Mwingereza."

"Mwingereza mwenyewe kaitupa."

Mzee akacheka tena, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoniletea arobaini na tano. Risiti niliandikiwa nyuma ya kipande cha boksi. Kazini ningeikataa.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Randa ya mtumba haitoki pale ikiwa tayari. Unanunua chuma na nafasi ya kufanya kazi ya siku nzima. Kama huna hiyo Jumamosi, usinunue.

Nilivua kila kitu, skrubu zikaingia kwenye kopo la mtindi. Kisu, kifuniko chake (kipande cha chuma kinachofungwa juu yake) na skrubu nikazilaza kwenye siki nyeupe usiku kucha. Asubuhi kutu ilikuwa imelegea, nikasugua kwa stilwaya ya masufuria. Mwili sikuuzamisha kwa sababu nilitaka rangi ibaki, nao niliusugua hivyo hivyo kwa mkono. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: chuma kikitoka kwenye siki kiko uchi. Kwa hewa hii ya Dar, ukikiacha mezani ukaenda kunywa chai, unarudi unakuta kimepata rangi ya chungwa upya. Suuza kwa maji yenye magadi soda, kausha papo hapo, paka mafuta ya cherehani. Mimi niliijua baada ya kufanya kazi hiyo mara mbili.

Kitako nilikinyoosha juu ya kioo. Fundi vioo wa mtaani aliniuzia kipande cha milimita 10 kilichobaki kazini, nikabandika msasa namba 80 juu yake. Nikachora mistari ya kalamu ya wino mzito kuanzia puani mpaka kisiginoni, kisha nikaanza kusugua mbele na nyuma. Mistari inayofutika ndiyo sehemu iliyoinuka, inayobaki ndiyo shimo. Kisu kiache ndani, kimevutwa juu, na kibano kimekazwa kama wakati wa kazi, kwa sababu mkazo ule unavuta mwili kidogo na ukinyoosha randa tupu utakuwa umeinyooshea hali ambayo haitatumika. Ilinichukua saa 1 na dakika 40, namba 80, kisha 120, kisha 220. Kona moja ya kisigino bado ina kidoa cha wino ambacho hakikufutika. Nimekiacha. Kinachotakiwa kuwa usawa mmoja ni pua, pande mbili za mdomo, na sehemu kubwa ya kisigino. Kutaka king'ae chote kama kioo ni kujipa kazi ya kupigia picha.

Kisu sasa. Kinoo nilinunua cha kawaida cha pande mbili, wa kukwaruza na laini, kisha nikamalizia kwa msasa wa maji namba 1000 na 2000, ule wa wapaka rangi magari. Shida ya kunoa kwa mkono ni kushikilia pembe moja bila kuyumba. Nikatumia hesabu za darasani: pembetatu yenye pembe mraba, mteremko ukiwa sentimita 10 na kimo sentimita 5, pembe ya chini ni digrii 30, haina ubishi. Nikakata kabari ya paini kwa vipimo hivyo, naiweka pembeni ya kinoo, nalaza kisu juu yake kupata mwelekeo, kisha natelezesha nikiwa nimefunga kiwiko mbavuni. Noa mpaka usikie kwa kidole gumba kijiukingo kimejitokeza upande wa pili, upana wote wa kisu, halafu geuza, laza mgongo wa kisu bapa kabisa, ukiondoe. Mwisho napitisha kwenye mkanda wa zamani wa mume wangu uliopakwa Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba. Hajaujua bado.

Kifuniko cha kisu ndicho kilichonisumbua. Kinatakiwa kikutane na kisu bila mwanya, ukiinua dhidi ya taa usione kitu. Changu kilikuwa na mwanya wa unene wa nywele, na maranda yalikuwa yanaingia humo yanajikunja, mdomo unaziba, randa inatapika. Niliusugua ukingo wake kwenye kinoo kwa robo saa ugonjwa ukaisha.

Unyoya wa kwanza, yaani utepe wa maranda, niliutoa kwenye kipande cha paini. Nimetumia ile nyingine mwaka mzima na sauti yake ilikuwa kama mtu anayeburuta kreti kwenye saruji. Hii ilisema "shhhhi", ndefu, mpaka mwisho wa mbao, na ukatoka utepe mmoja usiokatika. Niliulaza juu ya bili ya maji nikasoma kupitia humo kiasi tunachodaiwa. Nikaiita familia nzima ikaja kuangalia. Mwanangu mdogo akauliza kama tutalipa.

Lakini paini kavu, iliyonyooka, hata kisu cha jikoni kinaiweza. Mtihani halisi ulikuja na mninga.

Shangazi yangu wa Mbagala mbuzi yake ya kukunia nazi ilipasuka ubao wa kukalia. Blenda haitaki, anasema tui la blenda ni maji ya chaki. Nikaokota, yaani nikanunua kwa bei ya kuokota, mabaki mawili ya mninga kwenye yadi ya mbao, nikaamua kumtengenezea nyingine. Mninga ni mbao ya raha: ikikauka haichezi sana, kusinyaa kwake ni kudogo kuliko mbao nyingi, na ndiyo maana milango yake inakaa. Ila nyuzi zake zinaweza kubadili mwelekeo katikati ya ubao. Unaranda vizuri sentimita 15, mara randa inagonga, na ukiinua unakuta vishimo vya ukubwa wa punje ya mchele, nyuzi zimeng'oka. Ukigeuza ubao uende upande wa pili, pale palipokuwa pazuri ndipo panapong'oka. Hapo ndipo mafundi wengi wanapotupa randa na kuchukua grainda yenye sahani ya msasa, na unapata kiti chenye mabonde.

Nilifanya vitu vitatu. Nilinoa upya, ingawa kisu kilikuwa bado kinakata. Nikasogeza kifuniko mpaka karibu kabisa na makali, chini ya nusu milimita, kwa sababu kikiwa karibu hivyo kinauvunja unyoya mara tu unapoinuka, kabla haujapata nguvu ya kung'oa wenzake. Nikakivuta kisu juu mpaka kikawa kinaramba tu, na kuipeleka randa kimshazari badala ya moja kwa moja. Chini nilipaka nta ya mshumaa, misururu miwili mitatu, na hapo randa ikawa nyepesi kana kwamba mtu mwingine anaisukuma upande wa pili. Vishimo vilikwisha kwenye pasi ya sita. Msasa sikugusa.

Kipimo changu cha ulaini ni kanga. Unaifunga mkononi, unaivuta juu ya ubao pande zote, hasa kwenye kingo. Ikishika uzi, rudi kazini. Haikushika. Sikupaka vanishi kwa kuwa nazi inadondoka humo, nikaacha mninga na rangi yake. Shangazi alikaa, akakuna nazi moja nzima bila kusema neno, akainuka, akakagua nyuma ya nguo yake.

"Haikati nguo," akasema. "Ila miguu mirefu."

Nikaipunguza sentimita mbili.

Kasoro zipo, msidhani nimepata dhahabu. Mpini wa nyuma ulikuwa na ufa, nikautia gundi nyeupe ya mbao na kuuzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli ukivutwa kwa nguvu usiku kucha. Tyubu hiyo, kwa taarifa yenu, ndiyo klempu ya bei rahisi kuliko zote Dar na naitumia hata kwenye viungio vya viti. Mpini umeshika, lakini mstari unaonekana. Gurudumu la shaba la kuteremshia kisu lina uvivu: ukibadili mwelekeo linazunguka bure karibu nusu duara kabla ya kushika. Unazoea, mradi umalize siku zote kwa kuteremsha, sio kwa kupandisha, la sivyo kisu kinarudi nyuma chenyewe. Uzito ni kama kilo moja na robo tatu, na siku ya kwanza bega litakukumbusha. Na masika ilipoingia niliisahau siku tatu kibarazani. Sitaki kuongelea. Sasa inalala ndani, imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta ya cherehani.

Halafu kuna swali la kila mtu: kwa nini usipeleke mashineni? Napeleka. Mbao ya inchi 2 inayotoka kupasuliwa na meno ya msumeno bado yanaonekana, siirandi kwa mkono, sijichukii kiasi hicho. Yadi nyingi za mbao zina mashine, unalipia kwa ubao, dakika tano umemaliza. Lakini mashine inaacha mawimbi madogo ya kupishana, hayaonekani mpaka upake vanishi, na vanishi ikishaingia yanajitokeza yote kama mbavu. Pia mwanzoni na mwishoni mwa ubao inauma, inachimba zaidi kwa sentimita kadhaa. Kazi ya randa ya mkono ni kufuta hayo, pasi nne tano, na kuweka ukingo wa kuunganisha mbao mbili ukutane bila mwanga kupita. Kwa kazi hiyo haihitaji umeme, na mtaa wetu ukikatika mimi naendelea.

Ila hata randa ya Sheffield haikusaidii kama mbao ni mbichi. Paini nyingi inayoshuka hapa mjini inatoka nyanda za juu kusini, Sao Hill kule Mufindi na mashamba ya jirani, na inafika yadi ikiwa bado na maji. Unairanda leo imenyooka, wiki ijayo imejikunja kama jani la mgomba. Mimi naipanga chini ya paa, vijiti katikati ya ubao na ubao hewa ipite, na nakata kipande kimoja napima kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili. Kipande cha mwisho kilikwenda hivi: gramu 1,640, 1,410, 1,335, 1,310, 1,306. Namba ikiacha kushuka, nafungua randa. Mume wangu anasema ndiyo kwaresima pekee ninayoifunga kikamilifu.

Maranda nayo yana soko. Jirani yangu anafuga kuku wa mayai, na maranda ya randa ya mkono, yale mapana yasiyo na vumbi, anayapenda kuliko ya mashine. Kiroba kimoja kwa mayai sita, tumekubaliana. Lakini ya mbao iliyopigwa dawa simpi, na nilimweleza asikubali ya mtu mwingine pia. Ile mbao ya kuezekea yenye ukijani mara nyingi imelowekwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Haifai kulaliwa na kuku wala kuchomwa jikoni. Naye akiranda fundi yeyote, afunge pua, hata kwa mninga, maana vumbi lake linawasha koo na pua za watu wengi. Mimi nilipiga chafya siku mbili kwa ajili ya mbuzi ya shangazi.

Kwenye daftari langu nimeiandikia randa hii nne kwa tano. Moja nimeikata kwa gurudumu na mpini. Kibanda nakipa tano, kwa ajili ya mzee. Nilirudi mwezi uliopita kutafuta ndugu yake mrefu zaidi, namba 05, ya kunyooshea kingo ndefu. Ilikuwa imeondoka siku mbili kabla. Kijana akanitolea patasi badala yake, nikachukua mbili, moja ikawa nzuri.

Ukienda, nenda asubuhi siku za kazi, maana Jumamosi hupati hata pa kuinamia boksi. Vua kibano, toa kisu, tazama mdomo kwa tochi ya simu pande zote mbili, pitisha kucha panapotiliwa shaka. Zungusha gurudumu. Hesabu urefu uliobaki kati ya tundu la kisu na makali, ukiwa chini ya sentimita mbili acha. Bei ya kwanza isikutishe. Na beba rula yako ya chuma, ya pale wanayokuazima imepinda.